Wanaotazama na Kunyamaza: Wafanyakazi na Ukatili Dhidi ya Wanawake Kazini

(Ifuatayo ni mada iliyowasilishwa mbele ya wafanyakazi, wanaume kwa wanawake, na mmoja wa walimu wetu wa madrasa. Tumeigawa kwa vichwa vidogo ili kumrahisishia msomaji.)

Shukrani zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, maswahaba zake, na kila aliyefuata mwenendo wao kwa wema mpaka siku ya malipo. Ama baada ya hayo.



Nimetakiwa nizungumzie ukatili wanaofanyiwa wanawake mahali pa kazi, na hasa namna wafanyakazi wenyewe wanavyoutazama. Mada hii imechaguliwa kwa busara. Tumezoea kumzungumzia mtenda uovu na mtendewa, kisha tukawasahau watu kumi au ishirini waliokuwepo, walioona, waliosikia, na wakarejea mezani kwao kana kwamba hakuna lililotokea. Mtu mwenye tabia ya kuwabughudhi wanawake kazini hufanya hesabu zake kabla ya kutenda. Anajua nani atacheka, nani atageuza uso, na nani atasema kuwa binti yule naye ana lake. Hesabu hiyo ikimpa faida, anaendelea. Kwa hiyo mtazamo wa wafanyakazi ni sehemu ya uovu wenyewe, kama ambavyo unaweza kuwa sehemu ya tiba.

UKATILI KAZINI NI NINI?

Tuanze kwa kufafanua neno, kwani wengi wakisikia ukatili hufikiria kipigo tu. Tarehe 21 Juni 2019, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 190 kuhusu kuondoa ukatili na unyanyasaji katika ulimwengu wa kazi, na mkataba huo ukaanza kutumika tarehe 25 Juni 2021. Kwa mujibu wake, ukatili na unyanyasaji ni mwenendo usiokubalika, au tishio la mwenendo huo, uwe umetokea mara moja au umerudiwa, wenye lengo la kudhuru au unaoelekea kudhuru mwili, nafsi, heshima ya kijinsia au uchumi wa mtu.

Tazameni upana wa maana hiyo. Matusi yanaingia. Maneno ya kuuzungumzia mwili wa mwanamke mbele ya wenzake yanaingia. Ujumbe wa simu unaotumwa usiku na mkuu wa idara unaingia. Kumnyima mtu zamu, posho au mkataba kwa sababu amekataa jambo la haramu kunaingia. Tena mkataba huo haumlindi mwajiriwa wa kudumu peke yake. Unamtaja anayejifunza kazi, anayejitolea, anayetafuta kazi, hata aliyekwisha kuachishwa. Na mahali pa kazi hapaishii mlangoni mwa ofisi. Panaingia chumba cha kulia chakula, choo, safari ya kikazi, nyumba anayopewa mfanyakazi na mwajiri, na njia ya kwenda na kurudi.

Mwaka 2021 shirika hilo lilishiriki katika uchunguzi uliowahoji wafanyakazi wapatao 75,000 katika nchi 121, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2022. Ilionekana kuwa zaidi ya mtu mmoja katika kila watano wenye kazi, yaani asilimia 22.8, amepata kufanyiwa ukatili au unyanyasaji wa aina fulani kazini. Hao ni watu wapatao milioni 743. Wanaume wamo katika idadi hiyo, na dhulma dhidi yao ni dhulma vilevile. Lakini kwa ukatili wa kijinsia, wanawake walikuwa asilimia 8.2 na wanaume asilimia 5.

Lipo jingine katika uchunguzi ule linalotuhusu zaidi leo. Ni nusu tu na ushei ya waliofanyiwa ukatili waliopata kumweleza mtu yeyote. Walipoulizwa sababu ya kunyamaza, majibu yaliyotajwa sana yalikuwa mawili: kwamba kusema ni kupoteza muda, na kwamba walichelea kuharibikiwa jina. Ndugu zangu, sababu zote mbili zinatuelekea sisi tunaotazama. Anayeona kuwa kusema ni kupoteza muda amekwisha kutupima akaona hatutafanya kitu. Na anayechelea jina lake anaogopa ndimi zetu.

MITAZAMO MINNE

Nikisikiliza mazungumzo ya wafanyakazi, naona mitazamo minne inayorudiwa. Inafaa tuupime kila mmoja.

Mtazamo wa kwanza ni ule wa kusema, "Huo ni utani tu." Mkubwa anamshika mtumishi bega, anamwita kwa majina ya mahaba, anatoa maneno ya aibu, na wote wanacheka. Kipimo cha utani kwetu sisi watu wa Afrika Mashariki kinajulikana. Watani wana haki sawa. Mngoni akimtania Msukuma, Msukuma naye hujibu, tena pengine kwa ukali zaidi, na hapana anayepoteza kibarua. Sasa muulize karani yule kama naye anaweza kumshika bega meneja na kumwita kwa majina hayo. Ikiwa hawezi, basi hapo hapana utani. Pana mwenye nguvu anayejifurahisha, na dhaifu anayelazimika kucheka ili asionekane ana kiburi.

Mtazamo wa pili unasema, "Amejitakia. Mbona anavaa vile?" Huu ndio unaopatikana zaidi miongoni mwetu sisi wenye kujinasibisha na dini, na hivyo ndio unaohitaji jawabu la wazi. Hapana shaka kuwa sheria imemwamrisha mwanamke stara. Lakini fungueni Surat Nuur. Katika aya ya 30 wanaamrishwa wanaume Waumini wainamishe macho yao na wahifadhi tupu zao, na katika aya ya 31 ndipo wanapoamrishwa wanawake. Amri ya mwanamume imetangulia, na haikufungwa kwa sharti kwamba mwanamke awe amejisitiri. Mwenye kusema kuwa kosa la mavazi linamhalalishia mwanamume kunyoosha mkono ametunga hukumu ambayo Mola wake hakuiteremsha. Kisha utazame hali halisi. Wanaobughudhiwa ni pamoja na wauguzi waliovaa sare, wafagizi waliovaa makoti ya kazi, vibarua wa mashambani waliojitanda khanga mbili, na dada zetu wenye hijabu kamili. Lau tatizo lingekuwa kitambaa, hao wangesalimika.

Katika sura hiyohiyo, aya ya 33, Allah (s.w.) anakataza wajakazi wasilazimishwe kufanya uchafu kwa ajili ya kutafuta pato la dunia, na anabainisha kuwa maghufira na rehma ni za wale waliolazimishwa. Ujakazi wa zama zile haupo tena, lakini mafunzo yamebaki. Riziki ya mtu ikiwa mikononi mwa mwingine, kule kuitikia kwake kwa hofu hakuitwi ridhaa.

Mtazamo wa tatu ni ule wa kusema, "Hayo ni yao wawili, na yeye ananufaika." Wafanyakazi wanamwona mwenzao amepandishwa cheo, wanamchukia yeye, na aliyemwekea sharti wanamheshimu kama kawaida. Hapa sheria ya nchi imeona mbali kuliko wao. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamtia hatiani mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kutoa ajira, cheo au haki yoyote. Hiyo ni rushwa, na anayeidai ni mla rushwa. Kenya nayo, katika Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006, kifungu cha 23, imemlenga vilevile mwenye madaraka. Mwezi Februari 2023, shirika la utangazaji la BBC lilitangaza uchunguzi kuhusu mashamba makubwa ya chai ya Kericho, ambamo wanawake zaidi ya 70 walieleza kudhulumiwa na wasimamizi wao. Mama mwenye watoto wanaosubiri unga, akiambiwa kuwa hapana kazi mpaka akubali, jambo hilo haliwi la watu wawili waliopendana. Ni mtu mmoja aliyeshika mlango wa riziki ya mwenzake.

Mtazamo wa nne ndio mkubwa kuliko yote, nao hausemwi kwa sauti: "Hayanihusu. Mimi nina familia." Siudharau woga huu. Kazi ni adimu, na atakayenyooshewa kidole leo kesho huenda akahamishwa au mkataba wake usihuishwe. Lakini tuukumbuke ule mgawanyo alioufundisha Mtume (s.a.w.) katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, wa kuondoa uovu kwa mkono, asiyeweza kwa ulimi, na asiyeweza kwa moyo, ambayo ndiyo daraja dhaifu kabisa ya imani. Anayecheka pamoja na dhalimu ameikosa hata daraja hiyo ya tatu.

VISA VIWILI VYA KUZINGATIA

Qur'an imetusimulia visa viwili vinavyogusa jambo hili moja kwa moja.

Kisa cha kwanza ni cha Nabii Musa (a.s.) katika Surat Qasas, kuanzia aya ya 23. Alipofika kwenye maji ya Madyan alikuta kundi la wachungaji wakinywesha, na pembeni wanawake wawili wakiwazuia wanyama wao. Aliwauliza wana nini. Wakamweleza kuwa hawawezi kunywesha mpaka wachungaji waondoke, na kwamba baba yao ni mzee mkongwe. Wanawake wale walikuwa kazini kwa dharura inayofahamika. Wachungaji waliwaona kila siku, na kwa kuwa waliwaona kila siku, hali ile ikawa ya kawaida machoni mwao. Aliyeshtuka ni mgeni, mkimbizi, mwenye njaa, asiye na jamaa katika mji ule. Aliwanyweshea, kisha akaenda zake kivulini bila ya kudai ujira, jina wala ahadi. Kila ofisi ina wachungaji wengi. Swali ni nani atakayeuliza, "Mna nini?"

Kisa cha pili ni cha Nabii Yusuf (a.s.). Sisi hukisoma kama kisa cha uzuri na subira, nacho ni hivyo, lakini pia ni kisa cha mtumishi aliyetakwa kwa nguvu na mwenye mamlaka juu yake, ndani ya nyumba alimofanya kazi. Alikataa, akakimbia, kanzu yake ikachanwa kwa nyuma, na aliyemtaka akawahi kumshtaki. Mchaniko wa kanzu ulithibitisha nani mkweli. Bwana wa nyumba alijua. Pamoja na hayo, aya ya 29 inatuonyesha kuwa aliloambiwa Yusuf ni kulipuuza jambo lile, na aya ya 35 inatueleza kuwa baada ya kuziona dalili zote, bado waliona afungwe kwa muda. Aliyedhulumiwa ndiye aliyeondolewa, ili nyumba ya wakubwa isiaibike. Ni mara ngapi tumeona katika zama zetu mwanamke aliyelalamika akihamishiwa kituo cha mbali, na mkubwa akibaki kwenye kiti chake?

Kisha lizingatieni la aya ya 50. Mfalme alipotuma mjumbe amtoe gerezani, Yusuf (a.s.) hakutoka mpaka uchunguzi ufanyike, na ukweli ukadhihiri kwa ndimi za wale wale waliohusika. Kutaka jina lako lisafishwe kwa uchunguzi ni mwenendo wa Mitume. Basi tusimwite mkorofi dada anayetaka malalamiko yake yasikilizwe.

HOJA YA KUSINGIZIWA

Huenda mmoja akauliza: Je, wanaume wasiokuwa na hatia nao hawasingiziwi? Wanasingiziwa, na kusingizia ni dhambi kubwa. Ndiyo maana tunataka uchunguzi wa haki, unaomsikiliza mlalamikaji na mlalamikiwa, usio na hukumu ya barazani. Lakini wapo wanaoichukua aya ya 4 ya Surat Nuur, ya mashahidi wanne, wakamzibia mdomo kila mwanamke anayesema kuwa amebughudhiwa. Hapo wanaiweka aya pasipo mahali pake. Aya ile imekuja kuwalinda wanawake watahirifu dhidi ya wanaowatuhumu kwa zinaa. Haikuja kuwa kufuli ya mdomo wa aliyedhulumiwa. Mdhulumiwa ana aya yake, nayo ni ya 148 katika Surat Nisaa, inayobainisha kuwa Allah (s.w.) hapendi maneno mabaya yatangazwe isipokuwa kwa aliyedhulumiwa. Na Surat Mujaadilah inafunguliwa kwa malalamiko ya mwanamke mmoja, Khawla bint Thaalaba (r.a.), ambaye Mola wake aliyasikia. Ikiwa malalamiko ya mwanamke yamesikilizwa mbinguni, yatashindwaje kusikilizwa katika ofisi ya utumishi?

Mwingine atasema kuwa dawa ni wanawake wabaki majumbani. Huyo ajiulize mambo mawili. Kwanza, mjane na aliyetelekezwa na mume atalishwa na nani? Pili, huko majumbani ndiko usalama ulipo? Nyumba zetu nazo ni mahali pa kazi.

TUANZE NA NYUMBA ZETU

Hapa naomba tusiinamishe vichwa. Binti wa kazi anayetoka kijijini na kulala katika chumba cha stoo ni mfanyakazi. Hana wa kumweleza, hana mlango wenye komeo, na pengine mshahara wake anakabidhiwa mtu mwingine. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wanawake wa Tanzania waliofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu. Humo mna habari za kunyang'anywa pasi za kusafiria, kunyimwa mishahara, kupigwa na kubughudhiwa kijinsia. Baadhi yetu tulioneka uchungu kuona waajiri wa nchi za Kiislamu wakitajwa hivyo. Uchungu ulio na manufaa ni ule wa kujikagua. Anas bin Malik (r.a.) amesimulia kuwa alimtumikia Mtume (s.a.w.) kwa miaka kumi, na hakusikia kwake hata neno dogo la kuonyesha kuudhika. Hicho ndicho kipimo cha mwajiri Mwislamu, awe Muscat, Dubai, Mombasa au Manzese.

TUFANYE NINI?

Ewe mfanyakazi unayetazama, anza kwa kuacha kucheka. Mzaha usiochekewa hufa wenyewe. Pili, usimwache mwenzako peke yake. Akiitwa ofisini baada ya saa za kazi, kuwepo kwako nje ya mlango kunaweza kutosha. Tatu, akikueleza, msikilize, usimhoji kuhusu mavazi yake, na mtunzie siri. Nne, andika uliyoyaona: siku, saa, mahali, maneno. Ushahidi ni amana, na katika Surat Baqarah aya ya 283 tumekatazwa kuuficha.

Ewe mwenye madaraka, fahamu kuwa wewe ndiwe unayepanga ratiba, safari na vyumba. Usimpangie mwanamke kazi ya kubaki na mtu mmoja nyuma ya mlango uliofungwa. Sheria yetu imekataza faragha ya aina hiyo, na lawama ya kwanza ni ya aliyeipanga. Weka utaratibu wa maandishi wa kupokea malalamiko, na uteue zaidi ya mtu mmoja wa kuyapokea, kwa kuwa huenda huyo mmoja ndiye mlalamikiwa. Kwa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamlazimisha mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na tamko la sera juu ya unyanyasaji wa kijinsia.

Ewe dada unayedhulumiwa, jua kuwa unayo haki mbele ya sheria. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, imeuhesabu unyanyasaji wa namna hii kuwa ubaguzi uliokatazwa. Ukilazimika kuacha kazi kwa kuwa umebughudhiwa kijinsia, au kwa kuwa mwajiri ameshindwa kukulinda, kanuni zilizotolewa mwaka 2007 zinaruhusu jambo hilo lihesabiwe kuwa umeachishwa kazi. Shauri la kuachishwa hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, kwa hiyo usichelewe. Ukidaiwa ngono ili upewe haki yako, mlango ni TAKUKURU. Ukishikwa kwa nguvu au kutishwa, polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Tunza ujumbe wa simu, usiufute kwa kuona aibu. Aibu ni ya aliyeuandika.

Na sisi walimu na maimamu tuna deni letu. Tumetoa hotuba nyingi juu ya mavazi ya wanawake, nazo zina mahali pake. Tutoe na zile zinazomhusu meneja anayesali safu ya kwanza huku watumishi wake wakiogopa kupita mbele ya mlango wake. Katika Hija ya kuaga, Mtume (s.a.w.) aliweka heshima ya mtu pamoja na damu na mali yake katika mambo yaliyo haramu kuvunjwa. Sisi tunapaza sauti inapomwagika damu, na tunakimbilia mahakamani inapochukuliwa mali. Heshima ya mwanamke kazini nayo ni ya tatu katika hayo matatu.

Tukumbuke pia wasia aliopewa Muadh bin Jabal (r.a.) alipotumwa Yemen, kwamba aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kwani baina yake na Allah (s.w.) hapana pazia. Binti anayelia chooni saa nne asubuhi, kisha akaosha uso na kurudi kwenye meza yake, huenda wenzake wasijue. Lakini dua yake imekwisha kufika. Kila mmoja wetu na aangalie, dua ile inapotajwa, jina lake liwe upande gani.

Tunamuomba Allah (s.w.) atujaalie tuwe wenye kusimama na haki hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, awahifadhi dada zetu na mabinti zetu katika kutafuta riziki ya halali, na asitujaalie kuwa wasaidizi wa dhalimu kwa ulimi wala kwa ukimya. Amin.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.